Ugumu wa Titi Baada ya Upasuaji: Historia ya Kifuko cha Kovu na Mahitaji ya Istilahi kwa Wasemaji wa Kiswahili wa Nakivale na Ruti

Utangulizi

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda. Baadaye yaliwapokea Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zinazowaunganisha. Mgonjwa ambaye maradhi yake yanazidi uwezo wa vituo vya afya vya makazi hayo huelekezwa Mbarara, mji wenye hospitali ya rufaa na, tangu 1989, chuo kikuu kinachofundisha udaktari. Katika viunga vya mji huo, Ruti kikiwa kimojawapo, Kinyankole ni lugha ya wenyeji, ilhali mgeni kutoka Kivu au Bujumbura hujieleza kwa Kiswahili.

Upasuaji wa titi unaofahamika zaidi katika mazingira haya ni wa kukamua jipu au kuondoa saratani. Upasuaji wa kupandikiza titi la silikoni ni jambo la miji mikubwa na la ng'ambo. Hata hivyo, wapo wakimbizi waliohamishiwa Marekani, na huko sheria ya mwaka 1998 inaitaka bima inayogharimia kuondolewa kwa titi igharimie pia kulijenga upya, pamoja na kutibu madhara yanayofuata. Mwanamke aliyepata huduma hiyo huwasimulia ndugu zake kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili huuliza: titi hili limekuwa gumu, je, ndivyo lipaswavyo kuwa? Makala haya yanadai kwamba swali hilo ndilo lililoisukuma historia nzima ya vipandikizi vya titi, na kwamba kulijibu vyema kunahitaji maneno ambayo Kiswahili cha hospitalini bado hakijayapambanua.

Vifaa vilivyoahidi ulaini

Mwaka 1895 Vincenz Czerny, daktari mpasuaji wa Heidelberg, Ujerumani, aliandika juu ya mwanamke ambaye titi lake lilijazwa kwa uvimbe wa mafuta uliotolewa mgongoni mwake mwenyewe. Njia hiyo haikuweza kuwafaa wengi. Wapasuaji wengine walitafuta kitu cha kuingiza kutoka nje ya mwili, na mwanzoni mwa karne ya 20 sindano za nta ya parafini zilienea Ulaya. Parafini ilihama kutoka mahali pake, ikazusha vinundu vigumu na vidonda, hatimaye ikaachwa.

Katika miaka ya 1950 zilijaribiwa sponji za plastiki. Nyama ya mwili iliota ndani ya vitundu vyake, nazo zikanywea na kukakamaa. Wakati huohuo silikoni ya majimaji ilidungwa moja kwa moja matitini, kwanza Japani, kisha Marekani, na matokeo yake yalikuwa vinundu na maumivu. Miongoni mwa madaktari waliochunguza silikoni ya majimaji katika miaka ya 1960 alikuwamo Thomas Rees wa New York. Jina lake si geni Afrika Mashariki: yeye, Michael Wood na Archibald McIndoe, wote wapasuaji wa kurekebisha maumbile, ndio walioasisi mwaka 1957 huduma ya madaktari warukao iliyokuja kuitwa AMREF.

Mwaka 1962, mjini Houston, Thomas Cronin na Frank Gerow waliingiza kwa mara ya kwanza mfuko wa silikoni uliojazwa jeli ya silikoni. Mantiki yake ilikuwa kwamba jeli, ikifungiwa ndani ya mfuko, haitahama wala kuota nyama. Mfuko ulizuia mambo hayo kwa kiasi kikubwa, ila ugumu ulirejea kwa njia nyingine.

Kifuko cha kovu

Mwili ukikuta kitu kigeni usichoweza kukiyeyusha wala kukitoa, hukizungushia utando wa kovu. Utando huo hutokea kwa kila kipandikizi, na kwa kawaida huwa mwembamba na hauna madhara. Tatizo huanza pale unaponenepa na kujikunja, ukakibana kipandikizi kama ngumi inavyobana chungwa. Kipandikizi chenyewe hakijabadilika. Kilichokuwa kigumu ni kifuko kinachokibana. Damu iliyovuja na kuganda, vijidudu vichache vinavyojishikiza juu ya silikoni bila kuleta homa, na mionzi ya kutibu saratani ni miongoni mwa mambo yanayohusishwa na mkazo huo. Kwa hiyo mwanamke aliyejengewa titi baada ya saratani na kupigwa mionzi yumo katika hatari kubwa zaidi.

Mwaka 1975 James Baker, mpasuaji wa Marekani, alipendekeza madaraja manne ambayo yanatumika hadi leo. Katika daraja la kwanza titi ni laini na lina umbo la kawaida. Katika la pili ni gumu kidogo likiguswa, lakini umbo halijaharibika. Katika la tatu ugumu umezidi na umbo limebadilika. Katika la nne kuna ugumu, umbo lililoharibika na maumivu. Madaraja matatu ya mwanzo hupimwa kwa mkono na jicho la daktari; hisia ya mwanamke huingia waziwazi katika la nne tu, wakati hali imekwisha kuwa mbaya. Mwanamke aliyehisi mabadiliko mapema hana mahali pake katika kipimo hiki, isipokuwa aseme mwenyewe na asikilizwe.

Ukimya huo ulikuwa na gharama. Marekani ilizuia matumizi ya kawaida ya vipandikizi vya jeli mwaka 1992, ikayaruhusu tena mwaka 2006. Katikati ya vipindi hivyo, mwaka 1999, jopo la wataalamu wa nchi hiyo lilieleza kwamba ushahidi haukuonyesha kuwa vipandikizi husababisha maradhi ya mwili mzima waliyoshitakiwa watengenezaji, bali madhara ya mahali penyewe, yaani kukakamaa, kupasuka na maambukizi, ndiyo yaliyokuwa mengi na yenye uzito. Mwaka 2010 Ufaransa ilipiga marufuku vipandikizi vya kampuni ya Poly Implant Prothèse baada ya kugundulika kuwa vilijazwa silikoni ya viwandani. Mwaka 2019 vipandikizi vya Allergan vyenye uso wa kukwaruza viliondolewa sokoni kwa kuhusishwa na limfoma adimu inayoota katika kifuko cha kovu, ambayo dalili yake kuu ni titi kujaa maji miaka kadhaa baada ya upasuaji.

Neno moja, hali nyingi

Msemaji wa Kiswahili huziita hali hizi zote "uvimbe". Titi lililojaa siku ya tatu baada ya upasuaji lina uvimbe. Lenye saratani lina uvimbe. Lililojaa maji mwaka wa nane lina uvimbe. Neno "kipandikizi" nalo, katika kliniki za uzazi wa mpango, limezoeleka kumaanisha kijiti kinachowekwa mkononi. Mkalimani asiyeuliza zaidi aweza kuitafsiri hatari kuwa hali ya kawaida, au kumtia hofu mwanamke anayepona vizuri.

Historia iliyoelezwa inaonyesha kwamba ugumu peke yake hautoshi kuwa dalili. Maana yake hutokana na wakati, upande na mwenendo. "Uvimbe wa kupona" hutokea pande zote mbili zilizopasuliwa, huwa pamoja na hali ya kubanwa kifuani, na hupungua kadiri wiki zinavyopita, huku titi likishuka na kulainika kwa miezi kadhaa. "Uvimbe wa damu" huja ghafla, aghalabu upande mmoja, katika saa au siku za mwanzo, na huhitaji daktari mara moja. "Uvimbe wa usaha" huambatana na wekundu, joto, homa au majimaji kutoka kwenye mshono, nao pia haungoji. "Ugumu wa kovu" huanza baada ya titi kuwa limekwisha kulainika, huongezeka badala ya kupungua, na huvuta umbo. "Uvimbe wa baadaye" hutokea baada ya mwaka mmoja au zaidi, na maji yake hupaswa kuvutwa na kupimwa.

Hitimisho

Kila kizazi cha wapasuaji kilileta kifaa kilichodhaniwa kuwa laini kuliko kilichotangulia, na kila mara mwili ulijibu kwa kovu. Mtu wa kwanza kulijua jibu hilo ni mwanamke mwenyewe. Kwa msemaji wa Kiswahili wa Nakivale au Ruti, na kwa jamaa yake aliye ughaibuni akizungumza na daktari kupitia mkalimani, maneno matano yaliyopendekezwa hapa hayachukui nafasi ya uchunguzi. Yanamwezesha kueleza hali ilianza lini, iko upande gani, na inazidi au inapungua, na kwa maelezo hayo daktari huamua kama mgonjwa anaweza kusubiri au apimwe siku hiyohiyo.