Utu Uzima wa Kiroho: Istilahi na Kipimo Chake

Mhubiri wa Lubumbashi anapomsifu Mkristo aliyekua katika imani, mara nyingi hutaja "maturité spirituelle" kwa Kifaransa, au "ukomavu wa kiroho" kwa Kiswahili cha vitabu kutoka Tanzania na Kenya. Nyuma ya istilahi hizo mbili lipo neno la Kigiriki la Agano Jipya, teleios, lililotokana na telos, yaani mwisho ambao jambo linaelekea. Teleios ni mtu aliyeuacha utoto. Ni pia kitu kilichotimia, kisichopungukiwa na kiungo. Maana hizo mbili huenda pamoja, na shida ya mfasiri ni kupata neno moja linalozibeba zote. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili kinalo neno hilo, nalo ni utu uzima, na kwamba Katanga, eneo la Lubumbashi, ina sababu zake za kulichagua kuliko mengine.

Tuanze na wafasiri. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 ililigawa teleios mara mbili: katika Waefeso 4:13 ikaandika "mkamilifu", na katika Waebrania 5:14 ikaandika "watu wazima". Biblia ya Habari Njema, ilipofika Waefeso, ikapendelea "wakomavu". Kila chaguo lina gharama yake. Mkamilifu, kwa masikio ya Mswahili, ni asiye na kasoro; ndiyo maana msomaji hukwama katika Wafilipi sura ya 3, ambamo Paulo anakana kuwa amekwisha kukamilika, kisha mistari michache baadaye anajihesabu miongoni mwa wakamilifu. Ukomavu unaeleweka upesi zaidi, kwa kuwa kila mtu anajua ndizi iliyokomaa: bado mbichi, lakini ikikatwa itaivia ndani. Ila ndizi hiyo imefika mahali pa kuachana na mgomba wake, na Waefeso haisemi hivyo. Pale wanaokua ni wengi, lakini mtu wanayefikia kuwa ni mmoja, mwili ulioshikamana na kichwa chake. Kukua huko hakumtengi mtu na wenzake, kunamfunga nao.

Hapo ndipo kivumishi -zima kinapoonyesha nguvu yake. Mtu mzima ni aliyepita utoto. Mtu huyo huyo ni mzima kwa kuwa hai na kwa kutokuwa na ugonjwa. Na mwili mzima ni mwili wote, bila kipande kuachwa. Lubumbashi husema "muntu muzima" na kuzijua maana hizo zote bila kufundishwa. Kwa hiyo neno lililo karibu zaidi na teleios halikuhitaji kuundwa na kamati ya istilahi. Tena linatokana na mzizi ule ule wa uzima, neno ambalo Biblia ya Kiswahili hutumia kwa uzima wa milele, na hivyo linamkumbusha msikiaji kwamba anayekua kiroho anakua kwa uzima aliopewa, hajiumbi mwenyewe.

Sababu za Katanga ziko katika historia yake, kwani iliwahi kupima utu uzima kwa njia mbili zinazopingana, na karibu kwa wakati mmoja. Serikali ya kikoloni, ambayo chini yake mtumishi mwenye mke na watoto aliitwa boi, ilianzisha kadi ya sifa ya kiraia mwaka 1948, kisha utaratibu wa immatriculation mwaka 1952. Mwafrika aliyetaka kuhesabiwa kuwa amestaarabika alichunguzwa mwenendo wake, na wakaguzi waliweza kufika hadi nyumbani kwake. Utu uzima ukawa cheti, na mwenye kukitoa alikuwa mgeni. Njia ya pili ilianza tofauti. Mwaka 1953 padri Mfransisko Placide Tempels, ambaye kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilikuwa kimechapishwa Élisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka 1945, alihamia Kolwezi. Huko, kati ya wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière na wake zao, ikazaliwa harakati ya Kikatoliki iliyoitwa Jamaa. Mafundisho yake, yaliyotolewa kwa Kiswahili, yalisimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi na mapendo. Mume na mke waliingia pamoja, wakiongozwa na wenzao waliowatangulia, na hao wakawa baba na mama zao wa kiroho. Hivyo aliyekua alitambulika kwa kuwalea wengine. Waebrania sura ya 5 inasema jambo hilo hilo: inawalaumu watu ambao, kwa jinsi muda ulivyopita, walipaswa kuwa waalimu, lakini bado wanahitaji maziwa.

Wapo watakaopinga kwamba mtu mzima ni suala la miaka, na kwamba kijana hataweza kuitwa hivyo. Lakini Waebrania hao hao wanaonyesha kuwa miaka inaweza kupita na utoto ukabaki, na Timotheo aliagizwa kuwa kielelezo angali kijana. Wengine watasema kipimo cha uzazi kinawaumiza wasio na watoto. Paulo hakuwa na mke, lakini aliwaambia Wakorintho kuwa yeye ni baba yao katika Kristo, na Wagalatia kuwa anawaonea uchungu wa kuzaa. Tempels mwenyewe, padri, aliitwa Baba Placide. Pingamizi zito zaidi linatoka katika historia: Jamaa ilitiliwa shaka na wakuu wa Kanisa, na makundi yaliyoitwa Katete yalihesabiwa kuwa yamepotoka. Moja ya lawama ilikuwa kwamba hatua za kuingia zilianza kuonekana kama madaraja ya walioteuliwa. Lawama hiyo siikatai. Inathibitisha kwamba hakuna neno linaloweza kujilinda lenyewe: utu uzima ukigeuzwa daraja, unarudi kuwa cheti kile cha mwaka 1952, safari hii kikitolewa kanisani. Dawa yake imo katika jina lenyewe, kwa sababu mzima ni pia aliye pamoja na mwili wote, na anayejitenga juu ya wenzake amepungukiwa.

Basi tugawane kazi za maneno haya. Ukamilifu tuuache kwa kile ambacho Mungu atakitimiza mwishoni. Ukomavu utumike kwa mwendo wa kukua, mahali unapofaa. Lakini hali yenyewe ambayo kila Mkristo anaitiwa, tuiite utu uzima wa kiroho. Na anayetaka kujua kama amefika huko asihesabu miaka yake kanisani wala cheo alichopewa. Aulize ni nani anayepokea chakula cha imani kutoka mkononi mwake.