Mkopo wa Mtu Mwenye Mshahara

Huku Likoni mtu akisema "nina HELB," hakuna anayeuliza ni kitu gani. Ni deni. Wengine wamelibeba miaka kumi na digrii iko kabatini. Lakini deni hili lina historia, na ukiijua utapiga hesabu ya digrii ya fedha kwa njia nyingine.

Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilianzisha hazina ya kuwakopesha Wakenya waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki: Uingereza, Marekani, India. Walikuwa wachache mno. Uhuru ulipokuja, ofisi zilizoachwa na Wazungu zilihitaji watu wenye karatasi, kwa hivyo kukopa ili usome kulikuwa kama kukopa mbegu mvua ikiwa tayari inanyesha.

Katika mwaka wa masomo wa 1974/75 serikali ilianza kuwakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu kupitia Wizara ya Elimu. Wengi waliona ni zawadi tu. Isitoshe, hakukuwa na sheria ya kuwadai, basi pesa nyingi hazikurudi. Mwaka 1991 wanafunzi wakaanza kubebeshwa sehemu ya karo, na mwaka 1995 Bunge likaunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, hiyo HELB yenyewe.

Safari hii sheria ilikuja na meno. Mwajiri analazimika kukata mkopo kwenye mshahara wa mfanyakazi wake. Mwaka mmoja baada ya kumaliza chuo unatakiwa uanze kulipa, na usipolipa kuna faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Ukitazama vizuri, sheria nzima imetungwa kwa mtu mmoja: yule aliyemaliza, akaajiriwa, akapewa hati ya mshahara.

Sasa mtafute mtu huyo Mombasa bara. Changamwe wapo wanaosubiri kazi za makontena, leo ipo, kesho hakuna. Kisauni utamkuta aliyesomea fedha yuko kwenye kibanda cha M-Pesa. Likoni wapo wa bodaboda na tuktuk. Wote wanapata pesa, ila hazipitii kwa mwajiri wa kumkata mtu. Zinaingia asubuhi, jioni zishakuwa unga na kodi ya nyumba.

Hebu tupige hesabu. Tuseme mwanafunzi alikopa 45,000 kwa mwaka, miaka 4. Hiyo ni 180,000. Riba ya HELB ni asilimia 4, yaani kama 7,200 kwa mwaka, au 600 kwa mwezi. Hiyo unaweza kuilipa hata ukiuza mihogo. Lakini faini ya 5,000 kwa mwezi ni 60,000 kwa mwaka, thuluthi ya mkopo wote. Kaa miaka 2 bila kulipa na faini peke yake imefika 120,000. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kuwa riba na faini zisizidi mkopo wenyewe. Ni nafuu, lakini bado 180,000 inaweza kugeuka 360,000.

Kwa hivyo kinachomuumiza mtu si ukubwa wa mkopo. Ni miezi iliyo kati ya kumaliza chuo na kupata mshahara. Anayetoka kwenye nyumba yenye pesa hulipiwa miezi hiyo na wazazi. Wa kwetu huilipia kwa faini.

Mimi niliacha masomo ya fedha mwaka wa 3, pesa za nyumbani zilipokwisha. Cheti sina, mkopo ninao. Nimejifunza kwamba nusu ya digrii haina bei sokoni, lakini nusu ya mkopo ina bei kamili. Ndiyo maana huwa nawaambia vijana waitazame pia CPA. KASNEB, iliyoanzishwa 1969, ndiyo inayowatahini wahasibu, na unalipia ngazi kwa ngazi. Pesa zikikatika, ngazi uliyofaulu inabaki yako.

Mwaka 2023 mfumo ukabadilishwa tena: ufadhili, mkopo na mchango wa mzazi, kulingana na uwezo wa kaya. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema unakwenda kinyume cha Katiba, serikali ikakata rufaa. Majina yanabadilika, lakini wazo la 1995 liko palepale, kwamba mbele ya kila anayesoma kuna mwajiri anayemsubiri.

Dadangu mdogo ameitwa chuo kusomea fedha. Mamangu, anayeuza mahamri na mbaazi Mtongwe, ameniuliza kama inafaa. Sikumkataza, maana zipo kazi za benki na za serikali ambazo bila digrii hata barua yako haisomwi. Nilichomwambia ni kwamba tusihesabu mshahara wa benki, tuhesabu miezi 24 bila mshahara. Tumekubaliana aanze CPA likizo ya mwaka wa 2, na akimaliza chuo, hata kama yuko kwenye kibanda, aende mwenyewe HELB kuomba kulipa kidogo kidogo kabla faini ya kwanza haijaandikwa. Mama ameanza kuweka shilingi 50 kwa siku kwenye chama chao.