Kuku Aliyepita Pembeni: Maelezo ya Mandhari katika Miswada ya Filamu

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameipa tamthilia nafasi kubwa, lakini mswada wa filamu umeachwa kando kama ngazi inayotupwa baada ya kupandiwa. Makala haya yanadai kwamba namna ya kuelezea onyesho ni suala la itikadi kabla halijawa la ufundi, na kwamba historia ya filamu Afrika Mashariki inathibitisha hivyo.

Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, ulioongozwa na L. A. Notcutt, ulitengeneza filamu fupi 35 huko Vugiri, Usambara. Katika filamu hizo mandhari yalikuwa mtumishi wa mahubiri: ile ya benki ya akiba ya posta, kwa mfano, ilimlinganisha aliyeficha fedha zake na aliyeziweka benki. Baadaye William Sellers wa Colonial Film Unit, iliyoundwa mwaka 1939, alisisitiza picha ziende polepole bila hila za kamera, kwa dhana kwamba Mwafrika asingeweza kuzifuata.

Ushahidi uliotumiwa sana kutetea dhana hiyo ni kisa cha John Wilson, kilichorudiwa na Marshall McLuhan mwaka 1962. Wanakijiji walioonyeshwa filamu ya usafi waliulizwa wameona nini, wakajibu: kuku. Watengenezaji hawakumjua kuku huyo. Walipoikagua filamu picha kwa picha, walimkuta akipita pembeni kwa takriban nukta moja. Kisa hiki kinaweza kusomwa kinyume. Hadhira iliona kilichokuwamo. Asiyeona ni aliyelitunga onyesho.

Kutokana na hayo hudhihirika kanuni mbili. Kwanza, mswada huandika kinachoonekana na kusikika tu. Pili, mwandishi anawajibika kwa kila kilichomo, kwa kuwa hadhira haitofautishi kilichokusudiwa na kilichoponyoka.

Chukua Bondeni, mmojawapo wa mitaa ya kale ya Waafrika mjini Nakuru, mji uliokua kando ya reli. Mwandishi anayeandika “mtaa maskini wenye msongamano” hajaandika onyesho. Ametoa hukumu, kama walivyofanya watu wa Vugiri. Anayeandika kwamba ni alfajiri, adhana imekwisha, mwanamke anafungua mlango nusu, anasikiliza, kisha anaufunga tena, ameiachia hadhira kazi yake. Mtazamaji anayekumbuka ghasia za Nakuru za Januari 2008 hahitaji kuelezwa maana ya mlango huo.

Filamu ya Judy Kibinge, Something Necessary (2013), inayohusu wakati uliofuata ghasia hizo, imefuata njia hii. Muuguzi Anne, aliyefiwa na mumewe, anajitahidi kuijenga upya nyumba yake. Ujenzi huo ni tendo la kuonekana, nao hubeba msiba ambao riwaya ingeueleza kwa mawazo ya mhusika.

Huenda ikadaiwa kwamba kanuni hizi humnyima mwandishi undani wa nafsi. Dai hilo lina uzito, kwani si kila fikra ina umbo la nje. Hata hivyo, mswada unaoeleza hisia badala ya kuzionyesha hurudia dhana ya Sellers kwamba mtazamaji ni wa kuongozwa mkono. Kwa hiyo mhakiki wa miswada anapaswa kuuliza, pamoja na maswali ya dhamira na wahusika, ni kiasi gani mwandishi ameyaamini macho ya watu anaowaandikia.