Trapezi: neno moja dogo lilinikatia pointi mbili



Nilipokuwa sekondari, mwalimu mmoja alinikatia pointi mbili juu niliandika kwamba paralelogramu nayo ni trapezi. Aliandika na biki nyekundu: «Trapezi ina pande mbili tu zenye kuwa sambamba.» Nilikasirika, nikanyamaza. Leo mimi pia nafundisha, na juzi mtoto mmoja akaandika jambo lile lile. Biki nyekundu ilikuwa mkononi mwangu. Njo nikaamua kwanza kutafuta hili neno lilitoka wapi.

Kwa Kigiriki, trapeza ni meza, na trapezi ni meza ndogo. Karibu miaka 300 mbele ya Yesu, Euclid aligawanya maumbo ya pande nne: mraba, mstatili, rombo na romboidi. Yote yaliyobaki akayaita trapezi. Habari ya pande sambamba hakuitaja hapo. Tena kwake kila umbo lilifungiwa chumba chake: hata mraba haukuwa mstatili.

Katika karne ya 5, Proclus, akieleza kitabu cha Euclid, aliandika mgawanyo ambao alisema ni wa Posidonius: umbo lenye pande mbili sambamba ni trapezi, lile lisilo nazo ni trapezoidi. Kifaransa kilishika njia hiyo, na sisi tuliirithi shuleni. Lakini mwaka 1795, Charles Hutton alitoa kamusi ya hesabu huko Uingereza, akageuza majina yote mawili. Waingereza walirudi nyuma baadaye, Wamarekani wakabaki na Hutton. Njo maana mwanafunzi akisoma vitabu vya Marekani anaona trapezoidi pale sisi tunasema trapezi.

Umbo lenyewe ni zee kuliko huo ugomvi wote. Katika papiri ya Rhind, iliyoandikwa Misri na karani Ahmes karibu miaka 1550 mbele ya Yesu, problemu ya 52 inapima shamba la namna ya pembetatu iliyokatwa kichwa. Upande mmoja ni 6, wa pili 4, urefu 20. Jumlisha: 10. Gawa kwa mbili: 5. Mara 20: 100. Ni kanuni ile ile tunaikariri mpaka leo!

Sasa jaribuni kuweka 6 na 6. Inakuwa 12, nusu yake 6, mara 20 ni 120. Hilo ni eneo la paralelogramu kabisa. Kanuni haikumfukuza mgeni mlangoni. Ni sisi tunamfukuza.

Kwa hiyo ugomvi wote uko kwenye neno moja: pande mbili «tu», ao «angalau» mbili? Maana ya umbo ni mapatano ya watu. Mwalimu wangu hakudanganya. Alishika upande mmoja. Kosa lake ni kwamba hakutuambia kuna upande mwingine. Mimi nachagua «angalau», kwa sababu leo sote tunakubali mraba ni mstatili, na yale tunayothibitisha juu ya trapezi yanatumika kwa paralelogramu bila kuanza upya.

Yule mtoto nilimpa pointi zake. Nikamwomba tu aandike juu ya jibu: «Nimetumia maana hii.» Kwenye mtihani wa serikali afuate maana ya programu, lakini ajue kwa nini.

Na kwenu, mwalimu alisema «tu» ao «angalau»?