Chrysler Wimbledon Ni Gari Gani? Hivi Ndivyo Unatambua Moti za Marekani Zilizobadilishwa Majina Uingereza

Tafuta Chrysler Wimbledon kwa katalogi yoyote ya Marekani ya miaka ya 1930. Hutaipata. Detroit haikuwahi kuuzia Wamarekani gari la jina hilo. Na bado moti zenyewe ziko, zimeandikwa Chrysler mbele, steling iko kulia, na hadi leo kuna wasee wanazinunua, wanazirekebisha, kisha wanachoma doo mob wakiagiza spea za gari tofauti kabisa.

Wimbledon ni Plymouth.

Kama unajua Vitz na Yaris ni kitu kimoja, ama Demio ndio wengine huita Mazda 2, uko nusu ya safari. Lakini mabuda wa enzi hizo walienda mbali zaidi. Hawakugusa jina pekee, waligusa hadi injini. Na hapo ndipo watu hupigwa.

Chrysler ilikuwa na kiwanda pale Kew, magharibi mwa London karibu na mto Thames. Plymouth na DeSoto zikauzwa kule chini ya jina la Chrysler, halafu zikapewa majina ya sehemu za pande hizo: Kew, Wimbledon, Richmond, Croydon, Heston. Ni kama kampuni ya majuu ije ifungue godauni Industrial Area, gari moja iiite Buruburu, ingine Donholm, na ile ya masonko iitwe Runda.

Sasa, kwa nini Plymouth moja ipewe majina mawili, Kew na Wimbledon? Jibu ni serikali na kodi. Kuanzia 1921 Uingereza ilitoza gari pauni 1 kila mwaka kwa kila hp moja. Na hiyo hp haikupimwa barabarani. Ilipigwa kwa hesabu: chukua upana wa silinda kwa inchi, uzidishe kwa wenyewe, uzidishe kwa idadi ya silinda, ugawanye kwa 2.5. Ikibaki hata nukta kidogo, unalipa kama hp nzima. Urefu ambao pistoni inapanda na kushuka haukuhesabiwa. Ndio maana Waingereza walipenda injini za silinda nyembamba na ndefu, na injini pana za Marekani zikaumia.

Jipigie mwenyewe. Plymouth ya kawaida ilikuwa na silinda sita za upana wa inchi 3 na 1/8. Hiyo inakupa 23.4, so unalipa pauni 24. Chrysler wakatoa injini ya silinda nyembamba, inchi 2 na 7/8, ikaangukia 19.8. Hapo ni pauni 20. Austin Seven, kagari ka mwananchi, kalikuwa kanalipa 8. Mwaka wa 1935 kodi ikashuka hadi shilingi 15 kwa hp, lakini pengo lilibaki.

Hiyo ndogo ndio Kew. Hiyo kubwa ndio Wimbledon. Bodi ni ile ile, grili ni ile ile. Ukisimama nje hata na miwani huwezi tofautisha, na picha haitakusaidia.

Kwa hivyo anza na karatasi. Logbook ya zamani ya Uingereza iliandika hp. Ukiona 19.8 ni injini ya Kew, 23.4 ni ya Wimbledon. Lakini usikae ukaamini hivyo tu, maana gari imeishi karibu miaka 90 na injini hubadilishwa. Fungua boneti, cheki upande wa kushoto wa bloku (kushoto ukiwa umekaa kwa kiti), mbele, juu ya dainamo. Kuna sehemu tambarare imegongwa nambari. Herufi za mwanzo ndizo siri: kwa Plymouth, PJ ni 1935, P2 ni 1936, P4 ni 1937. Halafu pima kichwa cha injini kwa futi kamba. Plymouth iliyotoka Marekani ina kama inchi 23. DeSoto na Chrysler zenyewe zinakaribia inchi 25. Inchi mbili hizo ndizo zitakuambia kama gasketi uliyoagiza itaingia ama utaitundika ukutani kama pambo.

Na kabla ya kununua pistoni, fundi atoe kichwa apime silinda. Kew ikiwa haijawahi kuchongwa ni milimita 73. Wimbledon ni 79.4. Hakuna njia ya mkato hapo, pole.

Croydon na Heston ni rahisi kiasi. Hizi ndizo Airflow, zile moti za 1934 zenye pua ya mviringo na taa zilizozama ndani ya bodi, zilizochorwa kukata upepo. Marekani wengi waliziona sura mbaya, mimi naona zilikuwa mbele ya wakati. Croydon ni DeSoto, Heston ni Chrysler yenyewe. Hesabu plagi: sita ni Croydon, nane ni Heston. Majina yenyewe yalichaguliwa vizuri, maana Croydon na Heston zote zilikuwa na viwanja vya ndege.

Richmond nayo ni DeSoto, lakini ya umbo la kawaida.

Si Chrysler peke yao. Miaka ya 1920 kampuni ya Durant iliuza Marekani gari linaitwa Star, la kushindana na Ford Model T. Shida ni kwamba Wolverhampton tayari kulikuwa na kampuni ya magari inaitwa Star. Durant wakaipa yao jina Rugby. So ukikutana na Rugby, spea tafuta za Star ya Durant, na usiguse za Star ya Wolverhampton, hizo hazina undugu wowote.

Ford walicheza kinyume. Jina likabaki Model A, injini ikabadilika. Ya Marekani ilipigiwa hesabu ikatoka 24.03, yaani pauni 25 kwa sababu ya hiyo nukta, uchungu ulioje. Wakaleta Model AF ya 14.9. Kwa macho ni mapacha.

Buick nazo zina kesi yao. Ukiona McLaughlin-Buick, hiyo imetoka Oshawa, Kanada. Gari la Marekani lilitozwa ushuru wa thuluthi moja ya bei likiingia Uingereza, la Kanada likapunguziwa kwa sababu ni la himaya. Hata Mfalme Edward VIII alikuwa na moja ya 1936.

Ngumu kabisa ni Railton, kwa sababu inakaa Mwingereza kamili. Bodi ilitengenezwa kule, boneti ina mstari wa riveti, bei ya masonko. Chini yake ni Hudson, silinda nane kwa mstari mmoja, 28.8 hp kwa hesabu ile ile, na klachi ya koki inayoogelea kwa oili. Ukikausha hiyo klachi ukidhani oili imevuja, umeiua.

Kwa hivyo ukiandikia muuzaji spea wa Marekani, jina la Wimbledon liache nyumbani. Mwambie Plymouth, mwaka, herufi za injini, urefu wa kichwa na upana wa silinda kwa milimita. Kama ni Kew, rudia hiyo 73 mara mbili, la sivyo atakutumia za 79.4.