Kisima Nilichokipita Miaka Yote



Mimi ni mzawa wa Mombasa. Nimesoma hapa, nimeoa hapa, na nyanya yangu amezikwa hapa hapa. Lakini Ramadhan moja mpwa wangu alitoka Nairobi kuja kufunga na sisi, akaniuliza: "Mjomba, hebu nionyeshe kitu cha kale ambacho si Fort Jesus." Wallahi nilikwama. Zaidi ya Ngomeni sikuwa na jibu.

Baada ya Alasiri tukaingia Mji wa Kale. Vichochoroni watu washaanza kukaanga bhajia na kaimati, na sisi tumbo linanguruma. Barazani alikuwa amekaa mzee mmoja. Tukamwamkia, nikamweleza shida yetu. Akacheka. "Mwatafuta ukale na mwaukanyaga? Nendeni Msikiti wa Mandhry, kisha mugeuke mutazame mkabala wake."

Msikiti huo mimi nauona tangu utotoni: mnara mweupe, mnene chini, mwembamba juu. Sikujua kuwa unahesabiwa wa mwaka 1570. Yaani Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, msikiti huu ulikuwa na umri wa miaka 23! Na haikuwa miaka ya raha. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliupora mji huu na kuutia moto, na mwaka 1528 Wareno wakauvamia tena. Watu waliounguziwa mji wao walijenga msikiti, wakaswali. Wareno walitolewa Ngomeni mwaka 1698, baada ya Waomani kuizingira tangu 1696. Msikiti umekarabatiwa mara kadhaa, lakini mpaka leo ungali unaswaliwa.

Basi tukageuka. Mkabala wake kuna kisima. Nimekipita miaka yote bila kukitazama.

Hapo nikamkumbuka Ibn Battuta. Mwaka 1331 msafiri huyu wa Morocco alilala Mombasa usiku mmoja akielekea Kilwa. Aliandika kuwa watu wa hapa ni wacha Mungu, chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki, na misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa kwa ufundi. Tena akaandika kuwa penye milango ya misikiti kuna visima vifupi. Watu walikuwa wakitembea pekupeku, wakichota maji kwa chombo cha mti chenye mpini, wakiosha miguu ndipo wakaingia. Mlangoni kulikuwa na kipande cha mkeka mzito cha kupangusia miguu.

Msikiti aliouona yeye si huu. Lakini desturi ni ile ile: maji na msikiti havitengani. Karibu miaka 700 imepita!

Mpwa wangu akauliza, "Mjomba, na nyanya alikuwa akiteka maji hapa?" Nikanyamaza. Marehemu nyanya alikuwa akitusimulia habari za kuteka maji kisimani alipokuwa msichana. Mimi sikumuuliza hata siku moja ni kisima gani. Nilidhani yupo tu, nitamuuliza kesho. Kesho hiyo haikufika, na jibu amekwenda nalo. Mawe yamebaki. Aliyeondoka ni yule ambaye angeniambia.

Tulifutari kwa tende na maji, tukaswali Maghrib pale pale. Maji yale niliyanywa kwa fikira nyingi.

Ndugu zangu vijana, Ramadhan hii, baina ya Alasiri na futari, badala ya kulala au kushinda na simu, toka utembee mtaani kwako. Uwe Lamu, Malindi, Kisumu au Nairobi, pana msikiti wa zamani, kaburi, kisima au mzee wa barazani. Keti naye. Uliza, na uandike kwenye daftari pamoja na mwaka. Ikiwa nyanya yako yu hai, anza na yeye usiku huu baada ya Tarawehe, usingoje Idi.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, azitakabali saumu zetu. Amin.