Blanketi la viraka lililokwama: jinsi ya kulimaliza kwa vipande vilivyobaki

Katika nyumba nyingi kuna kiroba chini ya kitanda au juu ya kabati. Ndani yake mna vipande vya vitenge, kanga zilizopauka, shati la zamani, na miraba kadhaa iliyokwisha kushonwa. Kazi ilianzwa miaka mitatu, mitano au kumi iliyopita. Kila mwaka mwenyewe husema nitamalizia baada ya mavuno, na kila mwaka panya na nondo hupata sehemu yao.

Wakati huohuo msimu wa baridi hurudi. Kwa wanaoishi nyanda za juu, kama Makete, Njombe au Limuru, blanketi moja zaidi kitandani si pambo. Katika makala haya tunaeleza namna ya kutoa kazi ile kirobani na kuimaliza bila kununua vitambaa vipya, au kwa kununua kidogo sana.

Blanketi la viraka ni nini?

Ni tandiko lenye tabaka mbili au tatu zilizoshonwa pamoja. Kamusi huliita mfarishi. Tabaka la juu ni vipande vilivyounganishwa, la kati ni kitu cha kuleta joto, na la chini ni kitambaa kimoja kikubwa, yaani bitana. Watu wengi hushona tabaka la juu kwa miraba, kisha huunganisha miraba hiyo kuwa safu, na safu kuwa blanketi.

Kushona mraba mmoja ni rahisi. Kazi hukwama katikati, na mara nyingi kwa sababu moja kati ya hizi: kitambaa cha rangi fulani kimekwisha, miraba haikulingana vipimo, cherehani imeharibika, au aliyeianza amefariki. Kila sababu ina dawa yake.

Hatua ya kwanza: mwaga kiroba, kagua

Chagua siku ya jua. Mwaga kila kitu juu ya mkeka, kung'uta, acha vipigwe na jua. Kisha fanya majaribio manne:

1. Nguvu ya kitambaa. Shika kipande kwa mikono miwili, vuta. Kikichanika kirahisi, kiweke kando. Kimechoka, na kitachanika tena baada ya kukishona.

2. Nguvu ya uzi. Vuta taratibu pande mbili za mshono wa zamani. Uzi ukikatika, umeoza. Fumua mshono huo na ushone upya. Usijenge kazi mpya juu ya mshono uliooza.

3. Rangi. Lowesha kitambaa cheupe, sugua juu ya kila kipande chenye rangi kali, hasa nyekundu na buluu. Kikiacha rangi, kiloweke na ukisuuze mpaka maji yatoke safi. Usipofanya hivyo, mfuo wa kwanza utaharibu blanketi zima.

4. Aina ya kitambaa. Chomoa nyuzi mbili au tatu, ziwashe ukiwa nje, mbali na vitambaa vingine. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Nailoni na tetroni huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Tenga mafungu mawili, kwa sababu vitambaa vya kuyeyuka haviwezi pasi ya moto.

Kitambaa ambacho hakijawahi kufuliwa kifue kwanza. Pamba mpya hurudi ikifuliwa. Ukiishona na kitambaa cha zamani kilichokwisha kurudi, blanketi litakunjamana.

Miraba imepungua: fanya hesabu

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote. Tuchukue mfano. Ulitaka blanketi la kitanda kimoja, upana sentimita 150 na urefu 200, kwa miraba ya sentimita 25. Unahitaji miraba 6 kwa upana na 8 kwa urefu, jumla 48. Kirobani mna 30 tu, na kitenge ulichotumia hakipatikani tena.

Usitafute kitenge kilekile. Weka tepe za kitambaa kati ya miraba, ziwe za rangi moja iliyotulia, kwa mfano shuka la zamani au suruali zilizochakaa magotini lakini bado nzima sehemu nyingine. Panga miraba 30 kuwa safu 6 zenye miraba 5 kila moja. Kati ya mraba na mraba weka utepe wa sentimita 4. Upana unakuwa hivi: miraba 5 mara 25 ni 125, na tepe 4 mara 4 ni 16, jumla 141. Urefu: miraba 6 mara 25 ni 150, na tepe 5 mara 4 ni 20, jumla 170. Ongeza mpaka wa sentimita 12 juu na mwingine chini, unapata 194. Miraba 30 imefunika kitanda.

Kumbuka kuacha sentimita moja ya mshono kila upande. Kwa hiyo mraba unakatwa 27 kwa 27. Tepe zinakatwa upana wa 6: fupi 24 zenye urefu wa 27, na ndefu 5 zenye urefu wa 143. Mipaka miwili inakatwa 14 kwa 143. Utepe mrefu si lazima uwe kipande kimoja, unaweza kuunga.

Miraba haijalingana

Pima yote kwa futi kamba, uandike. Tofauti ikiwa chini ya nusu sentimita, vuta kidogo wakati wa kushona, itakubali. Ikizidi hapo, kata miraba mikubwa ilingane na midogo, au ongeza utepe pembeni mwa ile midogo mpaka ifikie mikubwa. Kabla hujakata, angalia kama utakata ua au maandishi ya kanga ambayo ungependa yabaki.

Vipande vidogo visivyo na umbo

Vipande vya pembetatu, vya ncha, vilivyokatwa na fundi akishona gauni, vinaweza kutumika bila kuvinyoosha kwanza. Tunazijua njia mbili zilizokwisha kujaribiwa na wanawake wa vijijini kwa muda mrefu.

Ya kwanza inatoka kwa Wasiddi wa jimbo la Karnataka, India. Hawa ni wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi kwa karne nyingi, wengi wao kama watumwa, wengine wakiwa askari na mabaharia. Wanawake wao hushona mablanketi ya viraka yanayoitwa kawandi, kwa nguo zilizochakaa. Hawashoni miraba kwanza. Hutandika kitambaa cha chini, mara nyingi sari ya zamani, wakaanza kwenye kona moja. Huweka kipande, hukunja kingo zake ndani, hukishona kwa mkono kwa mishono midogo iliyonyooka, kisha huweka kipande kingine kikipanda kidogo juu ya cha kwanza. Huzunguka pembeni mwa blanketi na kuendelea hivyo kuelekea katikati. Pembe nne hupambwa kwa vipande vidogo vilivyokunjwa, viitwavyo phula, yaani maua.

Njia hii inamfaa sana asiye na cherehani. Kuunganisha vipande na kushikiza tabaka hufanywa kwa wakati mmoja, kwa hiyo hatua nzima ya mwisho inaondoka. Kama una miraba michache iliyokamilika, ishone katika mzunguko ule ule kama viraka vikubwa, na vipande vidogo vijaze nafasi zinazobaki.

Ya pili inatoka Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani weusi kando ya mto Alabama, Marekani. Wanawake wa huko walishona kwa nguo za kazi za shambani na magunia ya chakula, kwa sababu nyumba zilikuwa na baridi na fedha hazikuwepo. Mojawapo ya mitindo yao hulinganishwa na paa la nyumba likitazamwa kutoka juu: unaweka kipande katikati, unashona utepe upande mmoja, kisha wa pili, wa tatu na wa nne, unaendelea kuzunguka mpaka upate ukubwa unaotaka. Mraba mmoja uliobaki unatosha kuwa kitovu cha blanketi zima. Mwaka 2002 mablanketi ya kijiji hicho yalionyeshwa kwenye jumba la makumbusho la sanaa la Houston, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikatoa stempu zenye picha zake.

Tabaka la kati na bitana

Kwa tabaka la kati, tumia ulichonacho: blanketi kuukuu lililotoboka, taulo zilizochakaa au shuka nzito. Matundu yaliyopo yazibe kwanza. Ukitumia pamba au sufi, shikiza kila baada ya sentimita 5 hadi 8, la sivyo itakusanyika upande mmoja ukifua. Ukitumia blanketi kuukuu, sentimita 10 hadi 15 zinatosha.

Kwa bitana, doti moja ya kanga inafaa. Kanga nyingi zina sentimita kama 150 kwa 110. Zikishonwa pamoja ubavu kwa ubavu kwenye urefu wao, unapata karibu 150 kwa 218. Katika mfano wetu wa 141 kwa 194, bitana inabaki na ziada ya sentimita 4 na nusu kila ubavu. Ziada hiyo ndiyo itakayokuwa pindo. Pima kanga zako kwanza, maana hazifanani zote.

Tandika bitana sakafuni, uso wake ukiangalia chini. Weka tabaka la kati, ulikate lilingane na la juu. Kisha weka tabaka la juu, uso ukiangalia juu. Anza katikati, piga bandi kwa mishono mirefu kuelekea nje mpaka pembeni. Ukianzia pembeni, makunyanzi yote yatakutana katikati na hutaweza kuyatoa.

Baada ya bandi, shikiza tabaka kwa mishono ya mkono, au kwa vifundo: choma sindano mpaka chini, irudishe juu karibu na ulipoichoma, funga mara mbili, kata uzi ukiacha sentimita 2. Mwisho, punguza bitana ibaki sentimita 4 kila upande, ikunje mara mbili kuja juu, ushone. Ng'oa bandi.

Kama kazi ni ya marehemu

Wengi hawagusi kiroba kwa sababu aliyeshona ile miraba hayupo tena. Ni jambo la kueleweka. Lakini kitambaa hakingoji. Kikikaa kwenye unyevu, uzi wake unaoza, na baada ya miaka michache kinabaki cha kutupwa.

Ushauri wetu ni huu. Kwanza, zungumza na ndugu kabla ya kukata chochote. Kiroba cha mama si cha mtoto mmoja. Pili, acha mishono yake kama ilivyo pale inapowezekana. Ikiwa uzi umeoza, shona mstari mwingine kando yake bila kuufumua wa kwanza, hata kama kanuni ya juu inasema fumua. Tatu, si lazima itoke blanketi moja kubwa. Miraba 12 inaweza kutoa foronya kwa kila binti au kitambaa cha meza, na kila mmoja akabaki na mkono wa mama nyumbani kwake.

Wengine hutumia nguo zenyewe za marehemu. Huko Gee's Bend, mwaka 1942, Missouri Pettway alishona blanketi kwa nguo za kazi za mumewe aliyefariki. Viraka vya magotini na rangi iliyopauka kwa jua vinaonekana mpaka leo, na blanketi hilo ni miongoni mwa yanayojulikana zaidi ya kijiji hicho.

Tahadhari

- Usimlaze mtoto wa chini ya mwaka mmoja na blanketi zito la viraka. Linaweza kumfunika uso akashindwa kupumua.
- Vitambaa vya nailoni visikae karibu na jiko, koroboi au mshumaa. Vikishika moto huyeyuka na kung'ang'ania ngozi.
- Hesabu pini na sindano kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Iliyobaki ndani ya blanketi itamchoma mtu usiku.
- Blanketi la viraka likilowa ni zito. Lianike juu ya kamba mbili au juu ya majani safi, lisivute mishono.

Kwa ufupi

Kagua, fua, pima, hesabu, ndipo ukate. Miraba ikipungua, weka tepe. Vipande vikiwa vidogo, anza pembeni kama Wasiddi au katikati kama wa Gee's Bend. Gawa kazi iwe safu moja kwa jioni moja: katika mfano wetu safu ni 6, kwa hiyo tabaka la juu linaweza kumalizika ndani ya wiki, hata kwa mtu anayeshona baada ya kutoka shambani.